Maji moto juu ya mwembe: tuwachome, tuwauze, ao tuwafuge?

Ndugu wanakoperative, maembe yakianza kukomaa hapa Kazimia, swali la kila mwaka linarudi: tuwachome ao tuwaache? Mnajua ninaowasema. Ni wale sisimizi wekundu-kahawia wenye miguu mirefu, wanaoshona majani ya mti yakawa kama mpira, na ukigusa tawi tu wanakushukia shingoni. Huku kwetu kila kijiji kina jina lake kwa ajili yao, na majina mengine hayafai kuandikwa. Watu wa Zanzibar na pwani ya Tanzania wanawaita maji moto. Aliyekwisha kuumwa hataniuliza kwa nini. Nitatumia jina hilo. Wenye vitabu wanamwita Oecophylla longinoda.

Mwaka huu swali limeota mkia. Vijana walisikia redioni habari za sisimizi wa Kenya, wakaja kuniuliza: bwana agronomu, ni kweli malkia wa sisimizi anauzwa? Hapa kwetu atanunuliwa kwa bei gani? Na mama mmoja mwenye miti ya machungwa akaongeza lake, ambalo kwangu ndilo kubwa: kama Wazungu wanaweza kuwafuga ndani ya chupa, sisi tutashindwaje kuwafuga mahali tunapotaka, ili waache kuwa mahali tusipotaka?

Tuanze na Kenya, maana habari ikisafiri inanenepa. Mwezi wa 4 mwaka 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha na sisimizi karibu 5,000, wamefungwa ndani ya vichupa vyenye pamba. Tarehe 7 mwezi wa 5 korti ya Nairobi iliwatoza kila mmoja shilingi milioni 1 za Kenya ao mwaka mmoja wa gereza. Wengine wawili, mmoja wa Vietnam na mmoja Mkenya, walihukumiwa vilevile. Sisimizi wale walikuwa wanatafutwa na watu wa Ulaya na Asia wanaowafuga nyumbani kwa kujifurahisha, kama vile mtu anavyofuga samaki ndani ya kioo.

Lakini sikilizeni vizuri: wale wa Kenya si maji moto. Jina lao ni Messor cephalotes, ni wakubwa, wanakaa chini ya ardhi na kazi yao ni kukusanya mbegu za majani. Mla mbegu anakubali kukaa ndani ya chupa, anajipangia ghala lake na maisha yanaendelea. Maji moto ni mwindaji. Kumfunga mwindaji ni mambo mengine kabisa.

Na kwa yule anayepiga hesabu ya bei ya malkia: Kongo nayo ina sheria. Ile ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014, juu ya ulinzi wa viumbe vya asili, haitazami tembo na sokwe peke yao, inagusa hata viumbe vidogo na ujuzi wa wenyeji juu yao. Mgeni akija Kazimia na vichupa vyake akasema atalipa vijana kumtafutia malkia, mwulizeni karatasi ya ruhusa kabla hamjapanda mti. Mkiuza malkia mmoja, mmeuza ulinzi wa miembe ya jirani pia. Nitaeleza kwa nini.

Malkia mmoja, miti mingi

Ukitazama mwembe wenye viota ishirini, unafikiri ni vijiji ishirini. Hapana. Ni ukoo mmoja. Viota vile vyote, na vya mti wa pembeni, na pengine vya miti kumi inayofuata, vina mama mmoja. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, Bert Hölldobler na Edward O. Wilson, walichunguza maji moto wa Shimba Hills huko Kenya na wengine waliofugwa maabarani, wakachapisha kazi yao mwaka 1977 na 1978. Ukoo uliokomaa unaweza kufikia wafanyakazi nusu milioni. Malkia anakaa ndani ya kiota kimoja tu, hatoki, na wanaye wanagawa mayai na watoto katika viota vingine.

Kwa hiyo maji moto wenyewe si adimu hapa kwetu, wako tele kutoka ufukweni mpaka mlimani. Aliye adimu ni malkia. Mkulima anaweza kukata viota kumi, akavipeleka shambani kwake kwa furaha, na baada ya miezi michache miti iko mitupu tena. Wafanyakazi wale walizeeka, wakafa, na hapakuwa na wa kuwazalia wengine. Wafanyakazi wenyewe wakikosa malkia wanaweza kutaga, ndiyo, lakini mayai yale yanatoa madume tu, na dume hafanyi kazi yoyote.

Hapo mnaona pia kwa nini moto hausaidii. Unachoma kiota cha chini unachokifikia na kijinga cha moto, malkia yuko juu amekaa salama, na baada ya wiki chache mti umejaa tena, isipokuwa sasa tawi lako la maembe limeungua. Na siku ukimpata malkia kwa bahati ukamwunguza, basi nafasi yake itachukuliwa na mwingine, mara nyingi mbaya zaidi. Nitarudi kwa huyo mbaya.

Mtu ataniuliza juu ya siafu, kwa sababu siafu nao ni wawindaji na wengi wao hawaoni. Siafu usijaribu kabisa. Ukoo wa siafu wa misitu yetu ya Kongo unaweza kuwa na mamilioni ya wadudu, unahama kila mara, na chakula cha mahali pamoja hakiwatoshi. Siafu akipita nyumbani, fanyeni kama wazee walivyofanya: tokeni, mwachieni ale mende na panya, kesho yake mnarudi katika nyumba safi.

Ndani ya chupa hawadumu

Maji moto anahitaji jani bichi linalokunjika. Wafanyakazi wanajipanga mstari, wanavuta kingo mbili za jani zikutane, halafu wengine wanaleta watoto wao wachanga, yaani mabuu, wanawashika mdomoni na kuwapitisha huku na huku kama sindano. Buu linatoa uzi, jani linashonwa. Ndani ya chupa hakuna jani la kukunja. Pia wakiudhika wanarusha asidi, ile inayowasha machoni, na chupa ikiwa imefungwa asidi inabaki ndani na kuwaua wao wenyewe. Maabara zinazowafuga muda mrefu zinawapa miti midogo ndani ya vyungu, iliyosimama katikati ya maji ili wasitoroke. Kwa maneno mengine, hata huko wanafugwa juu ya mti.

Na ufugaji wa juu ya mti si jambo jipya. Katika China ya kusini, kitabu kinachotajwa kuwa cha mwaka 304 kinaeleza watu waliokuwa wakiuza sokoni viota vya ndugu wa sisimizi huyu, wakivitundika kwenye michungwa ili wale wadudu. Baadaye wakulima wa huko waliunganisha miti yao kwa vipande vya mianzi, sisimizi wapite bila kugusa ardhi. Watu wameishi na mdudu huyu karne nyingi kuliko na pompi ya dawa.

Karibu nasi zaidi ni Zanzibar. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu Mwingereza, M. J. Way, alichunguza kwa nini nazi changa zilikuwa zinaanguka kabla ya wakati. Aliyekuwa anazichoma ni mdudu mnyonyaji ambaye baadaye alipewa jina lake, Pseudotheraptus wayi. Minazi yenye maji moto ilikuwa na mdudu yule mchache, nazi zikabaki juu. Miaka mingi baadaye watafiti wa Tanzania walionyesha hayo kwenye mikorosho, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro pamoja na wenzao wa Denmark walifanya kazi ndefu juu ya swali lenyewe la mama yetu wa machungwa: malkia anapatikanaje, na anakuzwaje mikononi mwa mtu mpaka awe na ukoo? Huko Benin kazi ilikuwa kwenye miembe na nzi wa matunda, yule anayetia funza ndani ya embe. Waliona kwamba si kwamba maji moto wanakula nzi tu. Harufu wanayoipaka juu ya matunda inamfanya nzi aende kutaga kwingine. Akina mama wanaouza maembe barabarani watanielewa upesi: embe lenye funza likipasuliwa mbele ya mteja, mteja yule harudi.

Namna ya kuanza

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuhamisha ukoo mzima, na ni kazi ya watu wanne hivi, si ya mtu mmoja.

Kwanza ujue mpaka wa ukoo. Chukua wafanyakazi wachache wa mti huu kwa kijiti, waweke kwenye tawi la mti wa pili. Wakigusana pembe na kila mmoja akaenda zake, ni ndugu. Wakikamatana miguu na kuvutana mpaka kukatana, ni koo mbili. Fanya hivyo mti kwa mti, tia alama ya chokaa ao kitambaa. Usichanganye koo mbili shambani hata siku moja, watapigana mpaka zote mbili ziwe dhaifu, na wewe utabaki unaokota maiti chini ya mti.

Ukishajua mpaka, tafuta kiota cha malkia. Mara nyingi yuko kwenye mti wenye viota vingi na wakali kuliko wote, katika kiota kinene kilichosukwa vizuri, juu kuliko unavyopenda kupanda. Yeye ni mkubwa mara kadhaa kuliko mfanyakazi, tumbo nene, hana mabawa tena. Kateni viota asubuhi na mapema, baridi ikiwapo bado, kila kimoja na tawi lake, mtie katika gunia na kufunga kinywa. Siku ileile vitundikeni kwenye mti mpya. Msiache viota nusu kule nyuma kwa uchovu, maana hamjui malkia yuko katika nusu gani.

Njia ya pili ni ya polepole, na mimi naipenda zaidi kwa koperative kwa sababu haibomoi ukoo wa mtu mwingine. Katika majira ya mvua malkia wapya wenye mabawa wanaruka, wanapandwa, wanashuka, wanavua mabawa, kisha kila mmoja anatafuta jani la kujificha. Wakati huo unaweza kumsaidia kujificha mahali unapotaka: kunja jani ao karatasi ngumu iwe kama bomba, lifunge kwenye tawi la mti usio na maji moto, pita kulifungua baada ya siku chache. Ukimkuta malkia, mweke katika kichupa safi chenye pamba yenye unyevu na mdomo wa kitambaa kinachopitisha hewa, mahali pa kivuli pasipotikiswa. Usimpe chakula. Anawalisha watoto wa kwanza kwa akiba ya mwili wake. Baada ya mwezi hivi wafanyakazi wa kwanza wanatoka, wadogo na wachache.

Hapo ndipo malkia wengi wanapofia, katika ule uchache. Watafiti wa Benin walipata njia nzuri ya kuwavusha. Walichukua watoto wa ukoo mwingine waliokwisha kufikia hatua ya kutulia, wale weupe wenye miguu iliyokunjwa, wasiokula wala kutembea, wakampa malkia mchanga. Mtoto wa hatua ile hakataliwi. Akizaliwa mikononi mwa malkia yule anamjua yeye tu kuwa mama, na ukoo unaruka mbele. Wafanyakazi wazima wa ukoo mwingine usijaribu kuwatia, watamuua.

Kichupa kikishachangamka kitundike kwenye mche ulio ndani ya chungu ao bidoni iliyokatwa, simamisha chungu juu ya matofali ndani ya sahani ya maji ili sisimizi wengine wasipande. Wape maji ya sukari kwenye kifuniko, na kipande cha ndagala. Ndagala kwetu si shida, hata kile kichwa ambacho watoto wanakikataa kinatosha. Usiwazidishie, kikioza kinaleta nzi. Mpaka ukoo wa namna hii ulinde mwembe mzima haitapungua mwaka, na mara nyingi inazidi. Anayetaka matokeo msimu huu ahamishe ukoo mzima.

Miti ikiwa mbali, funga kamba kutoka tawi hadi tawi. Watapita.

Adui wa chini, na yale yasiyopendeza

Sasa yule mbaya. Ni sisimizi mdogo wa kahawia anayekaa ardhini, baadhi yao wana vichwa vikubwa visivyolingana na mwili, Pheidole megacephala. Huyu anapanda mti, anawamaliza maji moto, na hana faida kwa tunda lako. Zuberi Seguni wa kituo cha utafiti cha Mikocheni, Dar es Salaam, akiwa na Way huyuhuyu na Paul Van Mele, alionyesha mwaka 2011 katika mashamba ya machungwa ya Tanzania kwamba majani yakiachwa kuota chini ya miti, maji moto wanamshinda yule wa kahawia. Mahali palipopaliliwa mpaka udongo ukawa mtupu, mambo yanageuka. Najua hapa Kazimia mwenye shamba lililofagiliwa kama uwanja wa kanisa ndiye anayesifiwa. Chini ya miembe na michungwa yenye maji moto, ningependa sifa hiyo ipungue kidogo. Fyeka kwa panga, usichimbe kwa jembe.

Dawa na maji moto havikai pamoja. Ukipiga pompi mti ule, umewafukuza walinzi na kuwaachia mlango wadudu wanaorudi haraka kuliko wao.

Na msiseme agronomu amewaficha ubaya wao. Maji moto wanapenda mkojo mtamu wa vidugamba na vile vidudu vyeupe vya unga, na wanavilinda kama sisi tunavyolinda mbuzi. Way aliyaandika hayo Zanzibar tangu 1954. Kwa mwembe mkubwa wenye afya si hasara ya kutisha. Kwa mche mdogo wa chungwa, chunga. Ukiona majani yanakuwa meusi kama masizi, kata matawi yale yenye vidugamba, yatoe shambani.

Halafu kuna kuumwa. Hapo ninawatetea wakata ngazi, kwa sababu ndio wanaolipa gharama ya mwili. Mtu aliye juu ya mngazi, mguu kwenye kamba na panga mkononi, akishukiwa machoni anaweza kuanguka, na kuanguka kutoka mngazini si mchezo. Ushauri wangu ni kwamba mingazi inayokatwa kila mara tusiwapeleke huko kwa makusudi, na waliopo wahamishwe kwa magunia badala ya moto, kwenda kwenye miembe na michungwa. Kwa wachuma maembe: jipake majivu makavu mikononi na miguuni, maji moto hawapendi kutembea kwenye vumbi lile. Mwaga maji kwenye majani dakika chache kabla, wengi watarudi viotani. Tumia mti mrefu wenye ndoana na mfuko, uchume ukiwa chini. Maembe yakikaa kivulini kidogo wanashuka wenyewe.

Kabla mvua hazijakaza, kila kikundi kifanye lile jaribio la kijiti kwenye miti yake na kutia alama, ukoo kwa ukoo. Andikeni pia nani ana mingazi anayotaka isafishwe, maana huko ndiko tutakakochukua magunia ya kwanza. Nitapita kikundi kwa kikundi kutafuta viota vya malkia pamoja nanyi. Leteni panga, magunia yasiyotoboka, na majivu ya kutosha. Shati liwe la mikono mirefu, na suruali iingie ndani ya soksi.